The Invisible Man (1933) au Island of Lost Souls (1932): uanze na ipi?

Hili swali naulizwa sana na ndugu na washkaji wanaojua napenda muvi za zamani, zile nyeusi na nyeupe: nikitaka kuonja za kutisha zenye sayansi ndani yake, nianze na ipi? Kila nikijibu najikuta narudi kwenye hizi mbili. Zote zimetoka kwenye riwaya za mtu mmoja, Mwingereza H.G. Wells, ile ya kisiwa aliitoa 1896 na ile ya mtu asiyeonekana 1897, kama watoto wa kupishana mwaka. Muvi nazo zimekaribiana hivyo hivyo, Island of Lost Souls ya Paramount ilitoka Desemba 1932 na The Invisible Man ya Universal ikatoka Novemba 1933. Kila moja ina saa moja na dakika kama kumi tu, bando halikuishii. Na zote zinahusu msomi aliyekipata alichokuwa anakitafuta, kikamgeuka.

Ukisikia hivyo unaweza kusema basi yoyote tu, si mule mule. Hapana bana. Ukikosea ya kuanza nayo unaweza ukazikimbia zote, au mbaya zaidi ile nzito ukaiangalia huku watu wanapiga stori pembeni, ikakupita bure, na ile ni muvi ambayo hutaipata tena kwa mara ya kwanza.

Kwa hiyo nisizunguke. Kama mnaangalia wengi, sebuleni, wakubwa kwa vijana, anzeni na The Invisible Man. Kama uko peke yako, usiku, na unataka moja tu ambayo itabaki kichwani, chukua Island of Lost Souls. Kuanzia hapa nitaziita Mtu Asiyeonekana na Kisiwa, na nitagusa mpaka mwisho wa zote mbili kwa sababu siwezi kueleza tofauti yao bila kufika huko, kwa hiyo kama hutaki kujua, ishia hapa, kaangalie kwanza ndo urudi.

Mtu Asiyeonekana inaanza usiku wa theluji kwenye kijiji kinaitwa Iping, huko Uingereza. Jamaa anaingia kwenye gesti yenye baa chini, uso mzima kafungwa bendeji, miwani nyeusi, glavu, kofia imeshushwa, piano inanyamaza, watu wote wanageuka kumwangalia, na yeye anachotaka ni chumba na moto tu, maswali hataki. Dakika chache tu na umeshashikwa. Huyo ndo Griffin, mkemia aliyejichoma dawa mpaka mwili wake ukapotea machoni pa watu na sasa anahangaika kutafuta njia ya kurudi. Kamcheza Claude Rains na hapa ndo pa kumvulia kofia, kwa sababu uso wake huuoni muvi nzima, unakuja kuuona sekunde chache za mwisho akiwa kitandani ameshakata roho. Kila kitu kakifanya kwa sauti na mikono. Sauti yenyewe ina mkwaruzo fulani wa mtu msomi aliyezoea kusikilizwa, anaweza akaanza sentensi taratibu kama mwalimu na akaimaliza anacheka kicheko ambacho mpaka mama mdogo aliyekuwa anachambua mchele wala haangalii skrini aliinua kichwa akauliza, huyo ni nani?

Ile sehemu ya kuvua bendeji ndo inayokumbukwa na wengi na ni haki yake. Wanakijiji na polisi wamemjia chumbani, yeye anawaambia basi subirini niwaonyeshe, anang'oa pua ya bandia anawarushia, anavua miwani, anaanza kuzungusha bendeji moja baada ya nyingine, na ndani hamna kitu. Kuna shati tu na suruali na kicheko. Baadaye shati linabaki peke yake linarukaruka. Kumbuka hii ni 1933, kompyuta hakuna. Fundi wao John P. Fulton alimvalisha mtu mahameli nyeusi mwili mzima, kichwa mpaka vidole, juu yake ndo akavaa nguo za kawaida, akarekodiwa mbele ya ukuta wa mahameli nyeusi pia, ili kamera ione nguo peke yake, halafu ile filamu ikaunganishwa na filamu nyingine ya chumba chenyewe. Pale ambapo uzi au tundu la macho lilionekana, ilibidi mtu akae na brashi afute fremu kwa fremu. Ukijua hilo, ukaangalia jinsi kola ya shati inavyoonyesha upande wa ndani, nyuma, pale ambapo shingo ingetakiwa iwepo, utaheshimu sana.

Lakini kitu ninachokipenda kuliko hata hizo efekti ni pale Griffin anapokaa na mwenzake Kemp anamweleza shida za kutoonekana. Wengi tulipokuwa wadogo tulishasema ningepata dawa ya kupotea ningefanya hivi na vile, ningeingia dukani, ningepita getini. Sasa huyu aliyeipata anakwambia ukweli wake: nikila lazima nijifiche saa nzima kwa sababu chakula kinaonekana tumboni mpaka kisagike. Mvua ikininyeshea maji yataonekana kichwani na mabegani. Kwenye ukungu utaniona kama povu. Kwenye mji wa moshi masizi yananitulia mwilini mpaka nachorwa umbo. Hata uchafu wa kwenye kucha unaweza kuniuza. Na nguo hawezi kuvaa akitaka kupotea, kwa hiyo yule mtu anayetamba kwamba atatawala dunia yuko uchi kwenye baridi ya Uingereza. Hapo ndo sayansi inakuwa tamu, mtu kachukua wazo moja akalifuata mpaka kwenye kucha. Kitu kimoja tu kinawashinda wote wanaoigusa hii stori, jicho linaona kwa kunasa mwanga, sasa kama mwanga unalipita moja kwa moja basi mwenyewe angekuwa kipofu. Muvi hailigusi, na mimi naiachia.

Ina udhaifu na nitausema. Kwenye kitabu Griffin hana mchumba wala dawa ya kumpandisha wazimu, ni kijana masikini mwenye hasira na roho ngumu, na ubaya wake ni wake mwenyewe. Kwenye muvi wamemwekea mchumba, Flora, kacheza Gloria Stuart (yule yule ambaye miaka zaidi ya sitini baadaye alikuja kuwa bibi Rose kwenye Titanic), na wakaweka dawa iitwayo monocane ambayo inamharibu akili, kwa hiyo mwisho unaishia kumhurumia, kwamba sio yeye ni dawa. Mimi naona hapo wamelegeza. Mtu anaangusha treni watu wengi wanakufa, anamfunga Kemp kwenye gari lake na kulisukumia gengeni saa nne kamili usiku kama alivyomwahidi, halafu unaambiwa ni madawa. Zile sehemu za Flora ndo pekee ambazo sebule yetu watu walianza kunyanyuka kwenda jikoni. Na pale mwisho kwenye theluji, polisi wamezunguka banda, nyayo zinajichora zenyewe moja moja, sehemu nzuri sana, ila ukitazama vizuri zile nyayo ni za viatu na mtu yuko pekupeku. Watoto ndo waliigundua sio mimi.

Sasa Kisiwa. Hapa naomba uzime redio.

Stori yenyewe ni hivi: Edward Parker meli yake imezama, anaokolewa na meli ya mizigo iliyobeba wanyama kwenye vizimba, nahodha mlevi anamtupa kwenye boti ya watu wengine, na anafikishwa kwenye kisiwa kisichokuwa kwenye ramani, huko bahari ya Kusini, kwa Daktari Moreau. Kabla hata hawajafika ameshaona kwamba yule mtumishi M'ling ana sikio la ncha lenye manyoya. Kisiwani kuna watu wenye nywele usoni, migongo imepinda, hawaongei vizuri, wanachungulia kwenye majani. Na kuna chumba ambacho wenyeji wanakiita Nyumba ya Maumivu. Parker anasikia ukelele, anafungua mlango, anakuta kiumbe kimelazwa mezani kinapasuliwa kikiwa hai. Anadhani Moreau anawageuza watu kuwa wanyama. Kumbe ni kinyume chake, ni wanyama ambao Moreau anawageuza watu, kwa kisu, kwa kuwaongezea damu, kwa dawa za tezi na miale, na maumivu yote hayo kwake ni njia tu ya kufika anakotaka.

Moreau kacheza Charles Laughton, na sijaona mtu mbaya aliyetulia kama yule. Mnene kidogo, suti nyeupe safi, kindevu kimechongwa, anakunywa chai, anatabasamu kama mtoto aliyeficha pipi. Hapigi kelele. Rains anakutisha kwa kupandisha, huyu anakutisha kwa kushusha. Na mkononi ana mjeledi.

Ile sehemu ya Sheria ndo naomba uiangalie kwa utulivu. Usiku, mioto inawaka, viumbe wametoka msituni wamejazana, Moreau amesimama juu na ile suti nyeupe, anapasua mjeledi hewani anauliza Sheria ni nini. Msemaji wao ni Bela Lugosi, yule wa Dracula ya 1931, hapa uso wote umejaa manyoya unamtambua kwa macho na sauti tu, anajibu: kutokula nyama, ndiyo Sheria. Je, sisi si watu? Na wote nyuma yake wanarudia, je, sisi si watu? Kutotembea kwa miguu minne, ndiyo Sheria. Je, sisi si watu? Kutomwaga damu, ndiyo Sheria. Na wanaporudia kamera inapita kwenye nyuso zao moja moja, na pale ndo mwili ulinisisimka kwa sababu hawauliziani wao kwa wao, wanamuuliza yeye aliyeshika mjeledi.

Sisi wa huku tunaiona hii sehemu kwa jicho letu. Kiboko tunakijua, neno lenyewe limetoka kwenye ngozi ya kiboko wa mtoni, na wazee wa Tanganyika enzi za Mjerumani walikijua mgongoni. Mzungu wa suti nyeupe juu ya mwamba, watu wa chini wanakaririshwa sheria ambazo aliyewatungia yeye zinamhusu pale anapopenda tu, na adhabu ni kurudishwa Nyumba ya Maumivu, hiyo sio picha ya kubuni kwetu. Wells alikuwa Mwingereza wa wakati ule ule na sidhani kama ni bahati tu. Na kwenye Kiswahili lile swali linauma zaidi kuliko hata kwenye Kiingereza chao, kwa sababu ukisema mtu umeshagusa utu, na sisi tunajua kabisa kwamba mtu anaweza akawa na mwili wa mtu na utu asiwe nao. Ndo maana nasema hizi muvi mbili ukiziweka pamoja zinaongea: Griffin alikuwa mtu, mwili ukapotea na utu ukaufuata. Wale wa kisiwani wamepewa miili kwa nguvu, kwa kisu, na utu wanautafuta wenyewe, wanaukariri gizani kama watoto wa darasa la kwanza, huku yule mwenye umbo kamili la mtu aliyewatengeneza hana hata punje.

Halafu kuna Lota. Kwenye kitabu hayupo, muvi imemwongeza, na kwa kawaida sipendi muvi ikichomeka mwanamke kwenye stori ya Wells, nimeshalalamika kuhusu Flora hapo juu. Ila huyu ana kazi. Ni chui aliyegeuzwa msichana, kacheza Kathleen Burke ambaye alikuwa msaidizi wa daktari wa meno Chicago kabla hajashinda shindano la Paramount la kumtafuta Mwanamke Chui. Moreau anamwacha karibu na Parker makusudi aone kama atapenda kama binadamu. Na kweli anapenda. Kuna sekunde Parker amemshika mkono, anatazama vidole, kucha zinarudi kuwa makucha, na yeye mwenyewe Lota anajua, unamuona anajua, anajaribu kuzificha. Parker anaondoka kwa hasira kwenda kumkabili Moreau. Lota anabaki analia. Moreau anakuja, anamkamata, anamtazama usoni karibu karibu, na anachofurahia ni yale machozi, kwamba mnyama amelia machozi ya mtu, basi nimefanikiwa, nitamrudisha mezani nichome kilichobaki. Naandika hivi bado kifua kinabana. Hakuna damu hapo, hakuna jitu, ni mtu anatazama machozi ya mwenzake kama matokeo ya maabara.

Mwisho wake sitausimulia wote, nitasema tu kwamba Moreau mwenyewe anamwamuru mmoja wa viumbe wake amuue nahodha mwingine, yule aliyemleta mchumba wa Parker kisiwani, anavunja Sheria aliyoiweka, na wale wengine wanafikiri taratibu, unawaona wakifikiri, kama ametuambia tumwage damu basi Sheria haipo tena, na kama yule nahodha amekufa basi na yeye anaweza kufa. Kisha wanampeleka kwenye meza yake mwenyewe. Kwenye kitabu Moreau anakufa katikati, anauliwa na puma, na stori inaendelea na viumbe kurudi unyama polepole. Muvi kwa kumpeleka mwisho imepata adhabu inayolingana na kosa. Wells hakuipenda hii muvi, na siwezi kumlaumu kwa sababu wazo lake kubwa la kwamba sisi wote ni wanyama waliovalishwa sheria limefunikwa kidogo na ukatili. Uingereza yenyewe waliifungia mpaka 1958. Miaka ishirini na tano.

Kwa nini basi nisikwambie uanze nayo tu moja kwa moja? Kwa sababu kadhaa. Moja, haina muziki karibu muvi nzima, kimya tu, upepo, vilio, na mtu asiyezoea muvi za miaka ile anaweza kuuona ule ukimya kama uzembe wakati ndo unaokukaba. Mbili, Parker kama shujaa hana ladha, amenyooka tu, hivyo dakika kumi za mwanzo usimtegemee. Tatu, mipango ya Moreau kwa Lota, na baadaye kwa mchumba wa Parker anayekuja kumtafuta kisiwani, sio ya kukaa na watoto ukaanza kuieleza. Mtu Asiyeonekana ina vifo vingi zaidi ukihesabu, lakini vinapita haraka, na kuna vichekesho vya kweli ndani yake, mama mwenye gesti anavyopiga mayowe, suruali inayokimbia peke yake barabarani inaimba kumtisha mama wa watu. James Whale aliyeiongoza, yule wa Frankenstein ya 1931, alijua kupishanisha kicheko na woga. Erle C. Kenton wa Kisiwa hakupi pa kuchekea.

Kwa upande wa Kiingereza, Mtu Asiyeonekana ina lafudhi za vijijini za Uingereza, zinapita haraka, tafuta yenye maandishi chini kama unaweza. Kisiwa maneno ni machache na yanasemwa taratibu. Ubora wa picha nao uuangalie kabla hujapakua. Mtu Asiyeonekana inavumilia kopi mbovu kidogo, bado utaelewa. Kisiwa usithubutu. Karl Struss aliyeshika kamera kaijaza vivuli, nyavu za vyuma, majani, mianzi, nyuso nusu ziko gizani nusu kwenye moto, na ukiwa na kopi iliyofifia utaona weusi mtupu na kusikia kelele. Nilianza nayo hivyo mara ya kwanza, nikaiacha katikati, nikaja kuirudia kwenye kopi iliyosafishwa ndo nikaelewa nilikuwa sijaiona. Skrini iwe na mwanga wa kutosha, taa zima, vaa hedifoni.

Mdogo wangu nilimshauri aanze na Mtu Asiyeonekana, akachagua Kisiwa, peke yake chumbani. Saa saba usiku akanitumia voisi, "Kaka, yule Lota kosa lake nini?" Sikuwa na la kumwambia zaidi ya kwamba hana. Kesho yake jioni tukaiweka ile nyingine na watu wote wa nyumbani, akakaa kimya kwenye bendeji, kimya kwenye treni, ila ile suruali ilipoanza kukimbia barabarani ndo nikamsikia anacheka.